Nge Kwenye Mlango wa Moyo

2 Aprili

Mvua zimeanza leo, na paa la duka la dawa la mtaani kwetu linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Chini wameweka ndoo, na juu ya ndoo wamebandika karatasi: TAADHARI MAJI. Tahadhari ina h. Nilimwambia muuza dawa, naye akasema, "Bibi Nukta, watu wanaelewa tu."

Watu wanaelewa tu. Nilisahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapaji karibu maisha yangu yote ya ukimbizini, na hakuna sentensi niliyoichukia kuliko hiyo. Jina la Bibi Nukta nililipata hukohuko, kwa vijana wa mashine. Walidhani wananitukana.

Naanza shajara hii kwa sababu nina homa ambayo hakuna anayeiamini. Huja jioni, hunitetemesha, hulowesha shuka, na asubuhi huwa imeondoka kama mgeni asiyeaga. Ilianza baada ya kung'olewa jino. Nilimwambia daktari wa meno kabla hajashika koleo: "Niliumwa moyo nilipokuwa msichana." Alicheka mpaka barakoa ikamshuka puani. "Nani hajaumwa moyo usichanani, mama? Fungua kinywa."

Nikafungua. Vyombo vyake vikajaa mdomoni, na ulimi ukakosa pa kusimama. Sikuweza kumweleza kwamba nilikuwa nasema moyo wa nyama, huu unaosukuma damu. Nilipata homa ya viungo nikiwa na miaka kumi na mmoja, na ilipoondoka iliniachia kovu moyoni. Si kovu la mashairi. Kovu.

5 Aprili

Mvua. Homa. Chai tu.

9 Aprili

Nimekwenda zahanati. Tabibu ni kijana mwenye adabu kupita kiasi. Alisimama kunipokea.

"Shikamoo, bibi yangu."

"Marahaba."

"Una miaka mingapi, bibi?"

"Sabini na mmoja."

Akaweka kalamu chini, kana kwamba nimeshamtajia ugonjwa. "Ni uzee tu, bibi. Mwili unachoka."

"Miezi miwili iliyopita pia nilikuwa na sabini na mmoja, na ngazi za kwetu nilikuwa napanda huku naimba. Uzee gani huo unapanda jioni na kushuka asubuhi?"

"Bibi ana maneno," alimwambia muuguzi, na wote wawili wakatabasamu kwa upendo mkubwa.

Walinitoboa kidole. Kipimo kikasema sina malaria. Akaniandikia dawa ya malaria. "Ili tuwe na uhakika," alisema. Nilimwuliza uhakika wa nini, akanishika kiwiko na kunisindikiza hadi nje kama yai. Nimeamkiwa, nimesindikizwa, nimeitwa bibi yangu mara nisizoweza kuzihesabu. Kifua changu hakuna aliyekigusa.

12 Aprili

Muuza dawa amenipa vidonge vya rangi mbili, vile alivyobakiwa navyo kwenye pakiti. Anasema vitanitoa homa.

15 Aprili

Vimenitoa homa. Sasa vimekwisha, na homa imerudi na mizigo yake. Mwanangu anasema nipunguze kusoma.

17 Aprili

Nimeona kitu. Macho yangu yalilipwa kwa kuona vitu vidogo, na bado hayajastaafu. Chini ya kucha zangu pana vistari vyekundu vinavyoelekea weusi, vyembamba, vimelala kwa urefu wa kucha, kama mpangaji herufi aliyelewa amemwaga vistari vyake mahali pasipohusika. Kwenye ncha ya kidole cha shahada pana uvimbe kama punje ya mtama. Ukiguswa, unauma hadi begani.

Nilimwonyesha mwanangu. "Umejibana na mlango, mama."

"Vidole vinne, mikono miwili. Milango mingapi hiyo?"

Mwanangu ni fundi wa lifti. Siku nzima hushinda ndani ya mashimo ya majengo ya watu, na jioni hurudi akinuka grisi. Alivuka mpaka akiwa mgongoni kwangu, hana hata jino moja, na sasa ana mvi. Mkewe aliondoka zamani bila kumwachia mtoto. Tumebaki wawili katika vyumba viwili, tukipikiana kwa zamu. Kila nikilalamika, huwa anainama kufunga kamba za viatu. Leo amezifunga, akazifungua, akazifunga tena.

Sketi yangu imenizunguka mara moja na nusu. Nimeikaza kwa pini.

21 Aprili

Asubuhi ngazi zilinishinda. Nilikaa kwenye ngazi ya tatu kama mzigo uliosahauliwa na mchukuzi, nikihema. Mwanangu akanibeba. Alinibeba mgongoni.

Hospitali kubwa, benchi refu, kisha pazia. Nyuma ya pazia alikuwapo daktari wa zamu, msichana mwenye miwani kubwa kuliko uso. Nilikuwa nimeshajiandaa kuambiwa uzee. Hakuniuliza miaka. Alichukua mikono yangu yote miwili, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akazisoma kucha zangu moja moja. Nilitaka kulia. Si kwa maumivu. Kwa kusomwa.

Kisha akaweka kifaa chake kifuani, akafumba macho.

"Bibi, kuna mtu aliyewahi kukuambia moyo wako una mvumo?"

"Nesi mmoja. Nchi nyingine, pengine kabla mama yako hajazaliwa."

"Aliusikiliza vizuri. Umeng'oa jino karibuni?"

Nikasema ndiyo. "Umemeza antibayotiki?" Nikamweleza habari ya vidonge vya rangi mbili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Damu yako nataka maabara waioteshe, tujue ni wadudu gani. Vidonge hivyo vya nusunusu haviwaui, vinawanyamazisha tu. Wanaweza kugoma kuota. Kwa hiyo nitachukua damu mara tatu, mahali tofauti, na sikupi dawa yoyote mpaka nimalize."

Mwanangu akaruka. "Mtu anaumwa, wewe unamnyima dawa?"

"Nataka wajitaje majina kwanza, kaka. Halafu utaona nitakavyowapiga."

Nimempa jina la Miwani, na nimemsamehe ujana wake.

24 Aprili

Chupa mbili hazikuota kitu. Ya tatu imeota. Bakteria wa mdomoni, wale wanaoishi kwenye fizi za kila mtu na kwa kawaida hawamdhuru yeyote.

Leo nimeuona moyo wangu. Walinilaza ubavu, wakanipaka jeli baridi, wakapitisha kifaa chini ya titi, na kwenye kioo ukatokea, wa kijivu, unafanya kazi kama chura anayemeza. Ndani yake pana milango. Sikujua kwamba ni myembamba hivyo. Inapigapiga kama mapazia ya dirisha lililo wazi. Na kwenye mlango mmoja kimening'inia kitu, donge lenye mkia, kinayumba kila mlango unapofunguka, kama tambara lililonaswa kwenye bawaba.

Daktari mkubwa, ambaye wodi nzima humwita Bingwa, alikuja kunieleza. Ana sauti ya taratibu na viatu visivyolia. "Bibi yetu," alisema, na yaliyofuata aliyaeleza vizuri, lazima nikiri. Jino lilipong'oka, wadudu waliingia kwenye damu. Moyo mzima usio na kovu wangeupita tu. Wangu una ukwaruzo wa zamani. Wakashika hapo, wakajenga. Donge lao halina mshipa wa damu ndani yake, kwa hiyo dawa hulifikia kwa shida. Ndiyo maana vidonge havitoshi, ni penisilini ya mshipani, mara sita kwa siku, kwa wiki nyingi. Kipande kikikatika kinaweza kwenda popote. Vile vistari vya kucha vilikuwa vipande vidogo. Kikubwa kikienda kichwani, basi.

"Tukishawamaliza wadudu," alisema, "tutakubadilishia mlango. Huo ulionao wameutoboa."

Tutakubadilishia. Nimeliandika kwa uzuri wake. Neno moja tu, na ndani yake wamo wao, nimo mimi, na ipo kesho.

Lakini kwanza nina hasira. Mlango wa moyo wangu ulitobolewa kwa sababu mtu mwenye koleo alisikia neno akacheka. Lipo neno, nililisema, nililitamka sawasawa.

27 Aprili

Kitanda cha pili kimelaliwa na mama anayeuza vifungo na nyuzi sokoni; mguu wake umeota jipu kubwa. Namwita Mama Vifungo. Yeye huniita bibi, halafu husema chochote.

Leo dozi ya mchana ilichelewa sana. Nilibonyeza kengele isiyolia. Nikaita. Sista mkuu wa wodi alipofika, nikamwambia saa imepita.

"Dawa ni ileile, bibi. Ikichelewa kidogo haiozi."

"Na bakteria nao wanasubiri? Mmewaambia wakae foleni?"

"Bibi, nina wagonjwa wengine."

"Wagonjwa wengine nao wamecheleweshewa. Sijitetei peke yangu."

Mama Vifungo akadakia, "Sista, mchome upesi kabla hajaanza kukusahihisha nywele."

Sista alinichoma bila kunitazama. Nilimchukia kwa saa nzima. Kisha nilikwenda msalani nikishikilia mlingoti wa dripu, nikamwona kwenye chumba cha vifaa, anakula mkate amesimama, sinia la sindano mkono mwingine. Wodi yote hii na yeye mmoja. Basi hasira yangu ikamtoka, ikapanda ghorofa ya juu, kwenye zile ofisi zenye mapazia, ambako hakuna mtu anayekula amesimama.

30 Aprili

Mshipa umevimba, kanula, ule mrija wa dripu, wameihamishia mkono wa kushoto. Mvua siku nzima juu ya mabati ya jikoni la hospitali.

4 Mei

Jioni imepita bila homa. Nilijigusa paji la uso kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Akili ikirudi, hurudi na kule, nchi niliyoikimbia. Kule nilikuwa napigwa sindano kila mwezi kwa sababu ya moyo huu. Nesi alikuwa mwanamke mnene mwenye saa iliyobandikwa kifuani kichwa chini, ili aisome yeye. Ile sindano ilikuwa kinga, ugonjwa wa koo uletao homa ya viungo usirudi kuufuata moyo. Hakukosa mwezi hata mmoja. Mwezi tulioondoka, mimi ndiye niliyemkosa. Siku ya sindano ilinikuta barabarani, mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na kwapani kamusi isiyo na jalada. Nilipofika hapa niliomba sindano ile katika zahanati tatu. Waliniuliza natoka wapi. Nikawaambia. Wakasema nisubiri. Sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kuniambia niache kusubiri.

Mama Vifungo anasema nikiandika nauma meno. Nimebakiwa na machache ya kuuma.

8 Mei

Homa haipo, lakini siwezi kulala chali. Nikilala, pumzi inakatika kama nimezama kwenye pipa. Nimeketishwa kwa mito. Miguu imefura, nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki, linanitazama.

Mchana, kupitia kioo cha mlango, nilimwona Bingwa akizungumza na mwanangu kwenye ujia. Mwanangu alikuwa ameweka mikono nyuma na kutikisa kichwa, kama anavyofanya mbele ya wenye majengo. Bingwa akamshika bega. Mwanangu aliporudi kwangu alinyoosha shuka ambayo haikujikunja.

"Amesemaje?"

"Mnaendelea vizuri."

"Mnaendelea? Tuko wangapi kitandani hapa?"

Akainama. Viatu vyake vya leo havina kamba. Akaishia kushikashika ndala zangu.

9 Mei

Asubuhi Bingwa alipita na kundi lake la wanafunzi. Alisikiliza kifua, akasikiliza mgongo, akaivuta shuka hadi kidevuni kwangu kwa mkono wake mwenyewe.

"Wadudu tumewashinda, bibi yetu. Mlango huo nao tungekubadilishia. Lakini tuendelee na dawa, tuone."

Wakaenda kitanda kingine. Mimi nikabaki na neno.

Tungekubadilishia. Wiki mbili zilizopita ilikuwa tutakubadilishia. Hakuna aliyelishtukia. Mwanangu alikuwa anamenya chungwa. Wanafunzi walikuwa wanaandika. Watu wanaelewa tu. Lakini mimi nimeishi kwa kuwinda silabi zilizobadilishwa, na najua kwamba mtu habadilishi -ta- kuwa -nge- kwa bahati mbaya, hasa mtu mwenye sauti ya taratibu hivyo. Jambo lililokuwa linakuja limesimamishwa njiani. Nani amelisimamisha?

Na nge hatembei peke yake katika sentensi. Ukisema tungekubadilishia, unadaiwa nusu nyingine: kama ungekuwa kijana, kama tungekuwa na vifaa, kama fulani angekubali. Bingwa aliniachia nge mmoja kitandani, akamficha mwenzake.

"Una nini, bibi?" aliuliza Mama Vifungo. "Umekunja uso kama umeng'atwa."

"Nimeng'atwa. Na nge."

Akapandisha mguu wake mbovu kitandani kwa kasi niliyodhani hana. Ilinichukua muda kumweleza kwamba ni nge wa sarufi. Alifikiri, akasema, "Huyo ndiye mbaya zaidi. Wa kawaida unampiga kiatu."

Ninachokiogopa si kifo, au si hicho tu. Naogopa asubuhi Bingwa atakapokuja na -ngali-. Tungalikubadilishia, bibi yetu. Hicho ndicho kiambishi cha mambo yaliyokwisha kupita. Baada yake huwekwa nukta.

10 Mei

Nilimngoja Miwani. Alipokuja kutazama kanula nikamshika mkono.

"Daktari, kwa nini sibadilishiwi mlango?"

Akatazama dripu. "Bibi, ungezungumza na kijana wako."

"Nawe umeanza na nge. Kijana wangu ana mvi. Moyo ni wa nani?"

Alikaa kitandani, jambo wanalokatazwa. Akasema kwa sauti ya chini lakini hakukata maneno. Dawa imefanya kazi yake. Ila mlango umechanika, damu inarudi nyuma kila pigo, maji yanajaa mapafuni. Vidonge vya kukojoza vitapunguza maji, havitashona mlango. Hivi nilivyo, wanahesabu wiki. Wapasuaji wa jengo la pili wameshatazama picha zangu na wako tayari. Upasuaji una hatari. Katika watu kumi wa umri na hali yangu, mmoja, pengine wawili, hawaamki.

"Na wanane?"

"Wanane wanaamka, bibi."

"Nani aliyesema hapana?"

Akaniambia hilo nalo. Bingwa alimwita mwanangu, akampa habari yote, akamwomba uamuzi. Mwanangu akasema mama ni mzee, asiteswe, na akaomba nisiambiwe, nisije nikashtuka. Wodi nzima ikakubali. Sista akakubali. Wanafunzi wakakubali, hata sauti hazijawakomaa. Nimekuwa nikilala katikati ya watu wanaojua tarehe yangu, wakininyooshea shuka.

"Wewe pia ulijua," nilimwambia.

"Nilijua," alisema Miwani, na machozi yakamjaa nyuma ya vioo vile. "Niliambiwa ni heshima."

Nimekaa na neno hilo mchana kutwa. Niliheshimiwa zahanati, nikapewa dawa ya ugonjwa nisiokuwa nao. Naheshimiwa hapa, nife bila usumbufu. Mtoto mdogo angeulizwa anataka nini. Hata kwa mtu aliyehukumiwa, hukumu husomwa mbele yake, amesimama. Mimi wanasema bibi yetu, na kila wakisema yetu, nazidi kuwa wao na kupungua kuwa wangu.

11 Mei

Mwanangu alikuja na machungwa. Nilimwambia aketi, aweke kisu chini.

"Nataka kukuuliza la kazi," nikamwambia. "Lifti ambayo mlango wake haufungi, unaifanyaje?"

Akafurahi kuulizwa. "Haiendi, mama. Inakataa yenyewe."

"Na ikilazimishwa kwenda?"

"Hailazimishwi. Unaizima, unabadilisha mlango."

"Mwenye jengo akisema ni lifti nzee, iachwe ijiendee hivyohivyo mpaka iporomoke, ila abiria wasiambiwe?"

Alielewa kabla sijamaliza. Uso wake uliteremka wote kwa pamoja, kama kitu kilichokatiwa kamba. Mama Vifungo alijigeuza ukutani na kuanza kukoroma, mchana kweupe, vibaya sana.

"Mama, ningekwambia," alisema.

"Ungeniambia kama nini? Malizia. Mimi sikubali sentensi iliyokatwa."

"Mama."

"Kama nini?"

Aliishika ncha ya shuka. Huyu mtu huning'inia kwenye kamba za chuma juu ya ghorofa kumi, na sasa alikuwa ameishikilia shuka kama ndiyo kamba.

"Ningekwambia kama nisingejua utakachojibu. Ungesema wakupasue. Na hao wawili katika kumi, mama. Daktari alitaja namba, mimi nikawaona wale wawili tu. Usiku mmoja nitoke kwenye chumba hiki niende wapi? Nani mwingine ananijua?"

Nilikuwa nimepanga maneno makali tangu jana. Nilikuwa nimeyapanga kwa mpangilio mzuri. Mengi yalinitoka kichwani. Si yote.

"Ulitaka nife polepole ili upate muda wa kuzoea," nikamwambia.

"Ndiyo," alisema. Hakujitetea. Sikulitarajia jibu hilo.

"Nilivuka mpaka na wewe mgongoni. Unajua katika kumi walivuka wangapi? Hakuna aliyenitajia namba, na wala sikuuliza. Lakini niliamua mimi. Hiyo ndiyo iliyonifanya niweze kutembea."

Alimenya chungwa zima, akalikata, akala yeye mwenyewe lote bila kujua. Nilimwacha ale. Nimemkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, na wakati huohuo nilitaka kumfuta maji ya chungwa kidevuni. Nikamfuta.

12 Mei

Niliomba kuketishwa kwenye kiti kabla ya mzunguko wa madaktari. Sista alinivika kanga safi, na, bila kuombwa, akanichana nywele. "Umekasirika vizuri leo, bibi," aliniambia sikioni. "Usipoe."

Bingwa akaja. "Bibi yetu, leo tumekaa kitini."

"Nimekaa. Wewe umesimama. Daktari, tarehe tisa uliniambia tungekubadilishia. Nimekuja kuchukua nusu iliyobaki."

Hakuelewa. Nikamweleza, polepole, mbele ya wanafunzi wake, tofauti ya -ta- na -nge-, na jinsi nge wanavyokwenda wawili. Mwanafunzi mmoja akaanza kuandika, akaacha. Bingwa ni mtu mwerevu; alifika mwisho wa maelezo kabla yangu, nikaona shingo yake ikibadilika rangi.

"Familia ilikuwa imeamua," alisema.

"Familia ni mimi. Huyu ni mwanangu, nilimzaa. Nina masikio, nina akili, na wewe mwenyewe ulinieleza wadudu nikakuelewa. Ulidhani ninaelewa bakteria, nisielewe kufa?"

"Hatukutaka kukuvunja moyo."

Wodi nzima ilisikia. Mama Vifungo ndiye aliyemjibu: "Daktari, huo umeshavunjika. Ndiyo maana yuko hapa."

Hata Sista alicheka, amegeukia ukuta. Bingwa hakucheka. Alivuta kiti, akaketi, macho yake yakawa sawa na yangu kwa mara ya kwanza. Akanieleza upya yote, yale aliyomweleza mwanangu, pamoja na wale wawili. Sauti yake haikuwa ya taratibu. Ilikuwa ya kawaida, na ilinipendeza zaidi.

Mchana alikuja mpasuaji kutoka jengo la pili, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mkanda unga. Alisema mlango wa chuma ungenifunga kwenye vidonge vya kulainisha damu maisha yote, kwa hiyo kwa umri wangu anachagua ule unaotengenezwa kwa ngozi ya moyo wa ng'ombe.

"Usiku ukisikia moo," alisema Mama Vifungo, "usituamshe."

"Ijumaa tutakupasua," alisema mpasuaji. "Tutautoa mlango mbovu, tutauweka mwingine. Utalala saa nyingi. Una swali?"

Sikuwa na swali. Nilikuwa nasikiliza vitenzi.

15 Mei, asubuhi

Mvua imesimama. Mwanangu ameshika ndala zangu mkononi na hataki kuziweka chini. Nimemwambia katika kumi mimi ni mmoja, na hao tisa wengine kila mtu ana wake wa kumshikia ndala.

27 Mei

Kalamu ni nzito. Kifua kimeshonwa katikati kama gunia, na nikikohoa naukumbatia mto.

Niliamka. Sikumbuki kitu isipokuwa mpasuaji ameinama na kifaa masikioni, anasikiliza muda mrefu, kisha akaniambia neno moja: "Unafunga." Wakati uliopo. Miguu imekauka, nimeanza kuona vifundo vyangu. Jana nililala chali.

Mama Vifungo ameruhusiwa, ameniachia kifungo kikubwa chekundu, "endapo wamekushona vibaya." Penisilini inaendelea mpaka wiki zake zitimie, mara sita kwa siku, na Sista sasa akichelewa hutangaza tokea mlangoni: "Najua, bibi, najua." Bingwa hupita na wanafunzi. Husema "bibi" tu, halafu huniangalia mimi, hata kama mwanangu amesimama pembeni. Leo alianza, "Tunge," akajirudi, akasema, "Jumatatu tutakutoa dripu, na utakwenda nyumbani." Mwanafunzi yule aliyeacha kuandika aliniangalia kwa siri kama kuna alama niliyompa mwalimu wake.

Siponi hasira, na sitaki. Mpasuaji amenikataza kuugusa mlango huu mpya kwa uchafu wowote: kabla ya kung'oa jino lolote, maisha yangu yote, lazima nimeze dawa kwanza, na daktari wa meno lazima ajue. Lazima, alisema, na akarudia. Nina jino jingine linalolegea upande wa kulia.

Kwa hiyo nitarudi kwa yule mwenye koleo. Nitafungua kanga, nitamwonyesha mshono. Nitamwambia tena kwa maneno yaleyale, kwa matamshi yaleyale: niliumwa moyo. Kisha nitafumba kinywa, na sitakifungua mpaka aulize moyo upi.